Kijana akiuliza nani kamuumba Mungu, ajibiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nichangie huu mjadala wa kama Mungu anaweza kuthibitishwa kwa akili peke yake, maana nimekuwa nasoma barua za wasomaji wenzangu na naona tumegawanyika makundi mawili na mimi simo hata kwenye moja. Kuna wanaosema Mungu ni wa imani tu, akili haina chake pale, na ukianza kudai hoja basi imani yako ina walakini. Halafu kuna wa upande wa pili wanaosema sayansi imeshamaliza kazi, ule mlipuko mkuu wa mwanzo wa ulimwengu umeonyesha kuna Muumba, kwa hiyo asiyeamini ni mbishi tu. Mimi nasema akili inaweza kufika mpaka pa kusema Mungu yupo, tena bila kuegemea aya yoyote, ila sio kwa hiyo njia ya mlipuko, na ikishafika hapo inasimama. Nilisoma falsafa seminari kabla sijaingia ualimu, na hii ishu inaniuma sababu vijana wanapotelea hapo katikati.

Nianze na hawa wa imani tu. Wanadhani wanaitetea dini kumbe wanakwenda kinyume na dini zenyewe. Paulo anawaandikia Warumi sura ya kwanza mstari wa 20 kwamba mambo ya Mungu yasiyoonekana yanafahamika kwa kazi zake, "hata wasiwe na udhuru", sasa mtu asiye na akili ya kufahamu angekosaje udhuru? Kwa ndugu zetu Waislamu, Surat At-Tur aya ya 35 inawauliza watu swali la akili kabisa, je waliumbwa pasipo chochote au wao ndio waumbaji. Ni swali, na swali anaulizwa mtu mwenye uwezo wa kufikiri. Imam Maturidi wa Samarkand zaidi ya miaka elfu moja iliyopita alifundisha kwamba hata mtu ambaye hajafikiwa na Mtume bado anatakiwa amjue Muumba wake kwa akili aliyopewa, Waashari, kundi jingine la wanateolojia wa Kiislamu, wakamkatalia kwenye hilo la kutakiwa, ila nao wameandika hoja za akili vitabu na vitabu. Na kwa sisi Wakatoliki jambo lilishafungwa tarehe 24 Aprili 1870 kwenye Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, ukatamka kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa hakika kwa mwanga wa asili wa akili ya binadamu kupitia vitu vilivyoumbwa. Mkatoliki anayesimama na kusema akili haina chake pale anapingana na mtaguso wa Kanisa lake, na sidhani kama wengi wanalijua hilo.

Hapo watu wa kwetu Kilimanjaro wananiambia, mbona mababu walimjua Ruwa, Mungu wa Wachaga, kabla hata mmisionari hajapanda huu mlima? Wakati maaskofu wanakaa Roma mwaka 1870, mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa na miaka miwili tu tangu wafungue misheni Bagamoyo, na huku juu watu walikuwa wanaomba zamani. Marehemu Profesa John Mbiti wa Kitui alikusanya habari za namna hiyo kutoka makabila karibu 300 ya Afrika. Napenda sana hiyo kazi, ila tusiifanye ithibitishe kitu ambacho haithibitishi. Okot p'Bitek wa Uganda aliwashambulia wasomi wa aina ya Mbiti akasema wanaivisha miungu ya Waafrika mavazi ya Kigiriki, na mimi naona kwenye jambo moja alikuwa sahihi, kwamba watu wote kuamini kitu sio sawa na watu wote kukifikia kwa hoja. Mababu wangeweza kumpokea Ruwa kwa mapokeo, au kwa hofu, au kwa shukrani ya mvua. Tuwaheshimu bila kuwatwisha falsafa ambayo hawakuiandika.

Sasa hawa wa mlipuko mkuu. Siku hizi kuna klipu nyingi sana mtandaoni za wahubiri na masheikh wakisema wanasayansi wenyewe wamekiri ulimwengu una mwanzo, miaka bilioni 13.8 iliyopita, na chenye mwanzo kina mwanzilishi, kesi imekwisha. Watu wanashangilia. Lakini wajue kwamba mtu aliyeileta hiyo nadharia alikuwa padre, Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliandika kuhusu ulimwengu kutanuka mwaka 1927 na mwaka 1931 akaja na wazo la atomu ya mwanzo, na Papa Pius wa 12 alipotoa hotuba Novemba 1951 akiiegemea hiyo sayansi kama ushahidi wa uumbaji, Lemaître hakufurahi hata kidogo. Yeye padre, aliyekuwa na kila sababu ya kushangilia, ndo aliyetaka sayansi iachwe ifanye kazi yake. Na alikuwa na haki, kwa sababu kesho wakija wanafizikia wengine wakasema kabla ya mlipuko kulikuwa na hali nyingine, na kabla ya hiyo nyingine tena, huyo Mungu uliyemjenga juu ya mlipuko unampeleka wapi?

Mtakatifu Thomas wa Akwino aliliona hili karne ya 13. Alisema wazi kwamba akili haiwezi kuthibitisha kama ulimwengu una mwanzo wa kiwakati, hilo tunalijua kwa imani, na bado huyo huyo akaandika njia zake tano za kuonyesha Mungu yupo. Wanafunzi wangu wakisikia hivyo wanachanganyikiwa, wanauliza inakuwaje uthibitishe Muumba kama hujui ulimwengu ulianza. Ni kwa sababu hoja yenyewe haiongelei jana na juzi, inaongelea sasa hivi.

Na mwenye hoja hiyo kwa ubora wake ni Ibn Sina, yule tabibu Mwajemi aliyezaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara. Yeye aliamini kabisa kwamba ulimwengu hauna mwanzo! Al-Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu, mwaka 1095 akamwandikia kitabu kizima cha kumpinga, akahesabu makosa 20, matatu akasema ni ukafiri, na mojawapo ya hayo matatu ni hilo la ulimwengu kutokuwa na mwanzo. Pamoja na hayo yote Ibn Sina alikuwa na hoja ya kuwepo kwa Mungu ambayo mpaka leo sijaona mtu aliyeivunja vizuri. Anasema hivi, kila kilichopo ama kipo kwa lazima chenyewe, ama kinaweza kuwepo na kinaweza kisiwepo. Mimi ningeweza nisiwepo, wewe Mhariri hivyo hivyo, huu mlima, jua, vyote. Kitu cha namna hiyo hakina kuwepo kwake mwenyewe, kimepewa, na kinaendelea kupewa.

Chukua mtu anakulipa elfu kumi halafu anakwambia hii nimekopa kwa Juma, Juma naye anasema nimekopa kwa Asha, Asha kakopa kwa mangi wa dukani, na mangi naye kakopa. Unaweza kuirefusha foleni ya wakopaji unavyotaka, waweke elfu, waweke milioni, waweke wasio na idadi, kama hakuna hata mmoja mwenye hela yake basi hiyo elfu kumi isingefika mkononi mwako. Lakini imefika, unaishika. Kwa hiyo yupo aliyekuwa nayo bila kukopa. Ona kwamba sijauliza foleni ilianza lini, hata kama imekuwepo milele yote swali linabaki pale pale. Ibn Sina anasema vyote vilivyopo ambavyo vingeweza visiwepo, uvijumlishe pamoja, hiyo jumla nayo ingeweza isiwepo, kwa hiyo inategemea kitu kilicho nje yake, kisichopewa kuwepo na yeyote. Kwenye elimu ya kalam, yaani teolojia ya Kiislamu ya kutumia hoja, wanakiita Wajibul Wujud, ambaye kuwepo kwake ni lazima.

Ndo maana lile swali la nani kamuumba Mungu lina jibu, tena jibu fupi, na linaniudhi sana kuona linavyoogopwa. Kuna shule moja nilifundisha, kijana wa kidato cha tano alisimama kwenye kipindi cha dini akamuuliza mgeni aliyekuja kuhubiri, kama kila kitu kina muumbaji, Mungu kaumbwa na nani? Aliuliza kwa adabu, mkono mmoja ameushikilia kwenye kiti cha mbele yake na daftari lake likiwa wazi, alikuwa anasubiri kuandika jibu. Yule mgeni akamwambia hilo swali ni la shetani, darasa zima likacheka, kijana akakaa. Sikumwona tena kwenye kile kipindi mpaka anamaliza shule. Na kumbe jibu ni kwamba hakuna mwanafalsafa makini aliyewahi kusema kila kitu kina muumbaji. Thomas hakusema, Ibn Sina hakusema. Walichosema ni kwamba kila kinachotegemea kinamtegemea mwingine, na kwa sababu hiyo yupo asiyetegemea. Kuuliza huyo asiyekopa kakopa kwa nani ni kutoisikia hoja. Dakika tano zingetosha kumweleza yule kijana, na angeandika, na angeenda kuifikiria.

Sasa nije kwenye pingamizi maana zipo, na wanaosema hoja hii haina jibu la kurudishiwa wanadanganya. Mwanafalsafa David Hume wa Scotland, kwenye maandishi yaliyotoka mwaka 1779 akiwa ameshafariki, anasema ukishaeleza sababu ya kila kimoja kwenye mnyororo umeshaeleza mnyororo wote, hakuna kilichobaki. Mwaka 1948 kwenye redio ya BBC, mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alibishana na padre Mjesuiti Frederick Copleston, akaongeza kwamba kila binadamu ana mama lakini haimaanishi binadamu wote kwa pamoja wana mama mmoja, kwa hiyo usitoke kwenye sehemu ukarukia kwenye jumla. Ni pointi nzuri, kwenye mambo mengine iko sahihi kabisa. Lakini kutegemea sio sifa inayopotea kwa kujumlisha, wadaiwa elfu kumi ukiwakusanya uwanjani hawageuki kuwa tajiri mmoja, na nikishakutajia kila mmoja alikopa kwa nani bado sijakwambia hela imetoka wapi.

Russell alipobanwa alisema ulimwengu upo tu, basi. Hapo mimi namkatalia kabisa. Watu kwa mamia ya miaka waliugua malaria na kusema ni hewa mbaya ya mabwawani, angetokea mtu akasema homa ipo tu, haina sababu, tusingempa hata kiti. Mwaka 1897 Ronald Ross kule India alipasua mbu akakuta vijidudu vya malaria tumboni mwake kwa sababu hakukubali kwamba homa ipo tu. Sayansi yote inaenda kwa kukataa hilo neno. Kwa hiyo mtu anayeniambia anaamini sayansi halafu akifika kwenye swali kubwa kuliko yote anasema hapa pasiulizwe, nina haki ya kumwomba anionyeshe mpaka uko wapi na nani kauweka.

Wa kuogopwa ni mwanafalsafa Immanuel Kant. Yule Mjerumani kwenye kitabu chake cha 1781 anasema hivi, hii kanuni ya kila jambo lina sababu tumeizoea ndani ya ulimwengu huu tunaouona na kuushika, nani katuruhusu kuibeba mpaka nje ya ulimwengu? Anaongeza kwamba hiyo hoja ya kilichopo kwa lazima mwishoni inaegemea hoja ya Mtakatifu Anselm, ile ya kusema Mungu ni mkuu kuliko chochote kinachoweza kufikirika kwa hiyo lazima awepo, ambayo Thomas mwenyewe alishaikataa, na Kant akaimaliza kwa kusema thaler (pesa za Kijerumani za zamani) mia moja za kufikirika na thaler mia moja za kweli hazitofautiani hata senti moja kwa idadi, ila za kufikirika hazinunui kitu. Hilo la Anselm nampa. Lakini Ibn Sina haanzii kwenye fikra kichwani, anaanzia kwenye vitu ambavyo vipo kweli, anaanzia na ile elfu kumi mkononi. Na kuhusu kanuni kuvuka mpaka, najibu kwamba mimi siulizi kilicho nje, nauliza kuhusu hiki kilichopo hapa, inakuwaje kipo wakati kingeweza kisiwepo. Naona jibu linatosha. Ila mtu mwenye akili timamu anaweza kulisoma hili akabaki na Kant, na mtu huyo asirushiwe Zaburi ya 14 ya mpumbavu amesema moyoni, kwa sababu Kant mwenyewe hakuacha kumwamini Mungu, alipitia mlango mwingine, wa dhamiri na wajibu wa kutenda haki.

Hapo ndo nilisema akili inasimama. Tumefika kwa ambaye yupo kwa lazima. Ibn Sina anaendelea kidogo, anaonyesha lazima awe mmoja, maana wangekuwa wawili ingebidi kuwe na kitu kinachowatofautisha na hapo wangekuwa wanategemea hicho kitu, na lazima asiwe mwili maana mwili una sehemu na kilichoundwa kwa sehemu kinazitegemea sehemu zake. Sawa. Lakini je, anakupenda? Anasikia ukilia? Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria karibu kabisa na Mwanza, mamia ya watu wakafa. Nenda kwa mama aliyempoteza mtoto kwenye ile meli, mweleze Wajibul Wujud, uone kama umemjibu. Swali lake sio kama yupo asiyetegemea, swali lake ni huyo aliyepo alikuwa wapi asubuhi ile. Akili peke yake haina neno hapo, na mimi siamini mtu yeyote anayesema inalo.

Al-Ghazali, pamoja na uwezo wake wote wa hoja, anasimulia kwamba alipita kipindi cha shaka karibu miezi miwili, haamini hata macho yake, na kilichomtoa anasema haikuwa kupanga hoja, ilikuwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Blaise Pascal, mwanahisabati wa Ufaransa, baada ya kufa kwake mwaka 1662 mtumishi wake aligundua karatasi imeshonwa ndani ya bitana ya koti lake, imeandikwa habari za usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, na humo kaandika Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka, Mungu wa Yakobo, sio wa wanafalsafa na wasomi. Miaka karibu minane alitembea nayo. Hawa ni watu wawili waliokuwa na akili kuliko sisi wote tunaoandika humu, na wote wawili wanatuambia kuna hatua ambayo hoja haiivuki. Wenzangu wa imani tu wanapenda kuwataja, ila wanasahau kwamba Al-Ghazali aliendelea kuandika hoja mpaka mwisho wa maisha yake.

Jambo jingine ambalo sijaona mtu akiliandika, hii mihadhara ya viwanjani ambapo Wakristo na Waislamu wanapigana kwa aya kwenye vipaza sauti, wote wawili wamesimama juu ya hoja moja. Njia ya tatu ya Thomas, ile ya vitu vinavyoweza kuwepo na kutokuwepo, ina deni kubwa kwa Ibn Sina, na Thomas hakuona aibu kumtaja mara kwa mara kwenye kazi zake. Padre wa Dominiko anajifunza kwa tabibu Mwislamu jinsi ya kumwongelea Mungu, na leo kwenye mitaa yetu watu wa dini hizo hizo hawawezi kukaa jioni moja wakazungumzia jambo wanalokubaliana.

Ninachoomba, Mhariri, kupitia gazeti lako, ni wahusika walete haya mambo kwa vijana wa kawaida. Kwa sasa anayefundishwa hoja za Thomas kwa kituo ni mseminari pale Kibosho au Ntungamo anapochukua falsafa, na anayefundishwa elimu ya kalam ni mwanafunzi aliyebobea, wakati maswali anayo mtoto wa kidato cha tatu mwenye simu. Mafundisho ya kipaimara yanachukua muda mrefu, madrasa zinachukua miaka, havikosi vipindi vitatu. Cha kwanza hoja ya Ibn Sina na Thomas kwa lugha nyepesi, cha pili Hume na Kant bila kuwapunguzia nguvu, na cha tatu waachiwe wanafunzi wenyewe wabishane, mwalimu anyamaze. Watakaotoka humo bila kushawishika wasichekwe, wasiadhibiwe wala wasiitiwe wazazi, waendelee kukaribishwa kwenye kipindi kama wenzao.

Wako msomaji,
Mwalimu, Moshi